Mtu Aliyerudi Mzima

Ukimtafuta Mwafrika aliyekufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, angalau una pa kuanzia. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani, I-27, iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldives, ikiwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yamo kwenye mnara wa kumbukumbu katika makaburi ya vita ya Nairobi, na unaweza kuyapekua kwa simu ukiwa ndani ya matatu. Mimi namtafuta mtu aliyerudi nyumbani mzima. Huyo ndiye kazi.

Ni babake bibi, mzaa mama. Jina lake ni la kawaida mno Pwani. Ukiliita msikitini Ijumaa, safu nzima itageuka. Alifariki bibi akiwa kigori, na hakuwa mtu wa kusimulia. Bibi amekua akijua kwamba babake alikuwa mwanamaji wa vita. Upande wa pili wa ukoo unashikilia kwamba alikuwa kuli wa bandarini aliyependa kujivisha kofia ya kizungu, na maneno hayo yameshasemwa hadi harusini, mbele za watu. Bibi ana zaidi ya miaka 80 sasa. Aliponiambia, "Mwanangu, huko unasoma historia za watu, si usome na yetu?" hakuwa anatania.

Kilichobaki kwetu ni hati moja ya kuachishwa kazi: namba, miaka 1942 hadi 1946, muhuri wa kikosi cha akiba cha wanamaji wa Kenya, na kazi yake, stoka. Kikosi hicho kiliundwa Mombasa mwaka 1933 kulinda bandari. Wakati wa vita kilipiga doria na kufagia mabomu ya majini. Maofisa walikuwa Wazungu. Waliolisha tanuri makaa walikuwa watu kama babake bibi.

Nilidhani hati ingemaliza ubishi. Mjomba mmoja aliisoma, akairudisha. "Stoka si kuli wa melini?"

Hakukosea sana. Tangu karne ya 19, manowari za Uingereza zilizowinda majahazi ya watumwa katika pwani hii zilikuwa zikiajiri vijana wa Zanzibar na kuwaita "seedie". Wengi walipelekwa chini kwenye tanuri, kwa madai kwamba Mwafrika anastahimili joto kuliko Mzungu. Baadhi waliandikwa vitabuni kwa majina ya mzaha waliyobandikwa na mabaharia. Mtu anaingia melini na jina la babake, anatoka akiwa kichekesho cha karani. Kwa hiyo ndiyo, mjomba, alikuwa kuli. Na alikuwa mwanamaji pia. Jeshi lenyewe ndilo lililopanga mambo hivyo.

Katika nyaraka za taifa, pale Moi Avenue kwenye jengo lililokuwa benki, nilijifunza serikali ya kikoloni ilikuwa na hamu na nani. Aliyeiba ana faili. Aliyetoroka ana faili. Aliyeumia akadai fidia, faili lake nene. Aliyefanya kazi yake, akalipwa, akaenda zake, hakumsumbua mtu yeyote kiasi cha kuandikwa.

Nikabadili njia, nikaanza kufuata meli. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo tarehe 5 Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi lilihamia Kilindini, likiongozwa na Warspite. Daftari za safari za manowari kubwa za namna hiyo zimehifadhiwa London. Za vyombo vidogo vya wakati huo, nyingi hazikuwekwa. Rafiki anayesoma huko alinipigia picha kurasa kadhaa. Upepo, mwelekeo, saa ya kutia nanga, idadi ya wagonjwa bila majina yao. Meli inaingia, hakuna kinacholipuka, mstari unaofuata unaandikwa. Nilikaa na mstari ule muda mrefu. Mlango wa Kilindini haukujifagia wenyewe.

Nilimsomea bibi yote haya alasiri moja, barazani. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo nilisoma taratibu, hadi kisanduku cha mwisho cha hati, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nikikiruka kila mara: alama za mwilini. Kovu la kuungua, mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi kifundo.

Bibi akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba babake alivaa mikono mirefu kila siku, hata Machi, hata jua la saa nane, na yeye miaka yote alidhani ni heshima tu.