Tundu la sauti la nyuma limekufa? Toa sauti ndani, ila chunga pini namba 4

Leo naweka hapa somo la kutoa sauti ndani ya kompyuta pale tundu la nyuma linapokufa. Vijana wa kafe hapa Mwanga wameniuliza sana. Mimi mwenyewe somo hili nimelilipia, bei nitawaambia mbele.

Mnazijua hizi desktop za mtumba. Lile tundu la kijani la nyuma linachomekwa na kuchomolewa spika kila siku mpaka vibati vyake vya ndani vinalegea. Sauti inatoka upande mmoja, ukitikisa inarudi, mwisho inakata kabisa. Fundi anakwambia nunua kadi nyingine. Subiri kwanza. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kasha.

Kwenye mazabodi tafuta pini zilizopangwa safu mbili za tano tano, ila moja haipo, kwa hiyo ni 9. Iliyokosekana ni ya 8, na hiyo ndiyo alama yako. Pembeni pameandikwa AAFP kwenye Asus, F_AUDIO kwenye Gigabyte, JAUD1 kwenye MSI. Hata kadi za sauti za kuchomeka, mfano Sound Blaster Z, zinazo. Safu moja ni 1, 3, 5, 7, 9, ya pili ni 2, 4, 6, 10. Pini hizi ni za matundu ya mbele ya kasha, lakini hakuna sheria inayokukataza kuzipeleka unakotaka.

Sauti ya kulia iko pini ya 5, ya kushoto iko ya 9, graundi ni ya 2. Basi, waya tatu tu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kuna mifumo miwili na pini zinafanana kwa macho. Wa zamani ni AC'97, Intel waliutoa mwaka 1997. Wa pili ni HD Audio, wa mwaka 2004. Kwenye HD pini ya 4 inatakiwa kuunganishwa na graundi ili mashine ijue kuna tundu la mbele. Kwenye AC'97 pini hiyo hiyo ya 4 ni umeme wa volti 5! Mashine ya kwanza niliyogusa ilikuwa ya mama mmoja mwenye kafe karibu na soko. Nilikuwa nimechora ramani ya HD kwenye daftari, nikaunga 4 na 2 kwa kujiamini, nikawasha. Harufu ikatoka, sauti haikurudi tena mpaka leo. Nilikaa kaunta yake mwezi mzima bila posho.

Utaitambuaje? Soma ile chipu ndogo ya sauti kwa tochi ya simu. ALC650, ALC655 au ALC850 ni AC'97. ALC662, ALC883, ALC887 au ALC888 ni HD. Na ukikuta vifuniko viwili vidogo vya plastiki vimeunganisha 5 na 6, halafu 9 na 10, hiyo ni AC'97. Hapo sauti inatoka kwa 5 na 9, inarudi kwa 6 na 10, ndipo iende tundu la nyuma. Vifuniko vikidondoka, nyuma pananyamaza kimya. Jamani, hebu fikirieni ni kadi ngapi zimeitwa mbovu kumbe kimedondoka kifuniko! Virudishe kwanza kabla hujakata waya wowote.

Kama tundu limekufa kweli, chukua waya wenye nyavu wa earphone ya zamani, nyavu ndiyo graundi. Pini ya 4 usiiguse kabisa, kwenye mfumo wowote. Tundu jipya lifunge kwenye kibati cha nyuma kilicho wazi, toboa kwa drili. Waya uwe mbali na feni na pawa saplai, la sivyo utasikia mvumo kama boti ya Ujiji. Kwenye HD ukikosa sauti, fungua programu ya Realtek na uzime kipengele cha kutambua matundu ya mbele, maana tundu lako halina swichi ya kuijulisha mashine.

Hapa unachomeka headphone au sabufa yenye amplifaya yake. Spika tupu za redio, za omu 4 au 8, hapana. Zinavuta kuliko uwezo wa chipu.

Mashine ya pili ya yule mama niliifanya hivi hivi, ALC662, na inapiga vyombo vyote viwili. Mwenye ramani ya mazabodi ya Dell au HP aiweke kwenye maoni hapo chini, maana hizo pini zake mara nyingine zina mpango wake na mimi sitaki kukaa kaunta tena.