Hongo na Sifa: Yakuza wa Japani na Wakilindi wa Usambara

Wajapani huwaita yakuza wahalifu waliofungamana kwa viapo chini ya mkubwa wao, wanayemheshimu kama baba. Asili yao ni wacheza kamari na wachuuzi wa zamani, na jina lenyewe latokana na karata: nane, tisa na tatu, mkono usiofaa kitu. Waliwatoza wafanya biashara fedha kwa vitisho, wakaziita malipo ya ulinzi. Katika hadithi, hata hivyo, wakawa watu wengine kabisa. Jirocho wa Shimizu (1820–1893), mcheza kamari na mkuu wa kundi, aliandikiwa kitabu mwaka 1884. Baadaye wasimulizi wakamfanya mtetezi wa wanyonge, na filamu za miaka ya 1960 zikazidi kuwapamba watu wa namna yake.

Jambo hili si geni kwetu. Mashewa imo katika bonde la Lwengera, na milima ya Usambara iko mashariki na magharibi yake. Nchi hiyo ilitawaliwa na Wakilindi, uzao wa Mbega. Mapokeo yasema kwamba Mbega alikuwa kigego, akafukuzwa na jamaa zake Ungulu; akaja akiwinda nguruwe na kuwagawia watu nyama, hata wakamtawaza. Hapa napo aliyetengwa amegeuka mfadhili.

Lakini utawala huo ulikuwa na uso wa pili. Alipokufa Kimweri ya Nyumbai, mnamo 1862, mwanawe Semboja alikuwa na nguvu Mazinde, bondeni, penye njia ya misafara. Alitoza hongo, akapata bunduki na baruti, akamwondoa Shekulwavu katika mji wa Vugha. Katika vita vilivyofuata watu walitekwa na kuuzwa, na thamani yao ikanunua baruti ya kuwatekea wengine. Wabondei wakawaasi Wakilindi, na maasi hayo huitwa kiva.

Semboja hakuwa yakuza. Alikuwa mwana wa mfalme, na hongo ilihesabiwa kuwa haki ya mwenye nchi. Walakini neno hilo siku hizi lina maana ya rushwa. Lugha imekwisha kutoa hukumu yake.

Abdallah bin Hemedi, aliyepata kukaa na Wakilindi, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa kwa sehemu kuanzia miaka ya 1890. Ubora wake ni huu: nyama ya Mbega na vita vya wajukuu wake vimo katika kitabu kimoja. Huko Japani, filamu ya Kinji Fukasaku ya mwaka 1973 ndiyo iliyowaonyesha yakuza wa Hiroshima wakisalitiana na kuuana pasipo heshima yo yote. Na sheria mahsusi ya kuwadhibiti ilianza kutumika mwaka 1992.

Waliopewa nyama wanakumbukwa kwa shukrani yao. Waliouzwa pwani hawakuacha hata majina. Basi mwanafunzi wa historia asomapo sifa za shujaa, na aulize ni nani aliyezilipia.