Programu Yako Bado Inadhani Inaandika Kwa Karatasi

Wasee, kama umeanza kujifunza Python, amri ya kwanza uliyofunzwa ni print. Lakini si kuna printa hapo, ama? Jibu liko kwa historia, na ndilo linaeleza pia kwa nini programu hunyamaza ukiiweka ndani ya dirisha ulilotengeneza wewe.

Twende 1963, Marekani. Kunatoka mashine inaitwa Teletype Model 33. Skrini haina. Ni kibodi na karatasi ndefu, inachapa herufi 10 kwa sekunde, zote kubwa. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza Unix pale Bell Labs mwaka 1969, mashine za aina hiyo ndizo watu walikuwa wanatumia kuongea na kompyuta. Kuchapa kulikuwa kuchapa kweli, wino kwa karatasi. Mpaka leo, kwa Linux na Mac, teminali inaitwa tty, kifupi cha teletaipu.

Halafu 1978 kampuni ya DEC ikatoa VT100: kioo chenye mistari 24, kila mstari herufi 80. Kioo kikajifanya karatasi. Mwaka 1984, madirisha yakianza kuingia kwa kompyuta, Mark Vandevoorde akaandika xterm: dirisha linalojifanya kioo kinachojifanya karatasi. Maze, uongo juu ya uongo, na unafanya kazi.

Sasa wewe unataka dirisha lako lionyeshe maneno ya programu nyingine. Njia rahisi ni paipu, iliyoingia Unix mwaka 1973. Shida ni kwamba programu nyingi hucheki kwanza zinaongea na nani. Ikiwa ni teminali, mstari ukiisha unatumwa. Ikiwa ni paipu, zinajaza debe kwanza ndipo zimwage. Ndio maana unakaa na dirisha tupu, halafu maneno yote yanamwagika mwishoni. Dawa ni kuiambia programu imwage kila mara, kwa Python ni flush=True, ama kuidanganya na teminali bandia, pty, vile xterm hufanya.

Na hapa ndipo nina maneno. Programu za siku hizi zinatupatia kiduara kinachozunguka na "Kuna hitilafu, jaribu tena." Nyuma yake kosa limeshaandikwa, faili gani, mstari gani, lakini mtu ameamua usione. Teletaipu ilikuwa na kelele, ndio, lakini kila kitu kilibaki kwa karatasi mbele yako.

Mimi niliacha chuo. Sina mhadhiri wa kunionyesha nimekwama wapi, nina hayo maneno tu. Kwa hivyo ukiunda dirisha, weka kiduara chako kizuri, sawa. Lakini weka pia kitufe cha kuyafungua. Kuna msee mahali na laptopu ya mtumba anajifunza kwa kuyasoma.