Ukaguzi wa dohani

Ukaguzi wa dohani ni uchunguzi wa njia ya moshi ya nyumba, kuhakikisha kwamba moshi na gesi vinatoka nje bila kuhatarisha wakazi. Nchini Marekani, kiwango cha NFPA 211 kinataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, nacho kimeugawa ukaguzi katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza yamtosha ambaye hajabadilisha jiko wala fueli na hajaona tatizo: fundi hutazama sehemu zinazofikika kwa urahisi.

Ngazi ya pili huhitajika nyumba inapouzwa, aina ya fueli inapobadilishwa, au baada ya tetemeko la ardhi au moto ndani ya dohani. Hapo njia yote ya moshi huchunguzwa, kwa kawaida kwa kamera, pamoja na darini. Kamera si anasa, kwani moto wa dohani huweza kuwaka polepole bila mwenye nyumba kujua, ukapasua vigae vya ndani. Kinachowaka ni kreosoti, utando mweusi wa moshi wa kuni, hasa kuni mbichi. Dohani ya gesi nayo isisahauliwe: kiota cha ndege kikiiziba, kaboni monoksidi hurudi chumbani.

Ngazi ya tatu hubomoa sehemu ya ukuta au dohani, na hufanywa tu pale hatari iliyojificha inaposhukiwa. Anayeshauriwa kuifanya adai kwanza kuonyeshwa picha za kamera.