Kuchangishana ng'ombe mzima Songwe: Mambo ya kujua kabla ya kutoa hela

Sikukuu zikikaribia, wakazi wengi wa Tunduma, Vwawa na Mlowo huacha foleni ya bucha na kuchangishana. Watu wanane au kumi wanatoa hela, wananunua ng'ombe mmoja kwa mfugaji, anachinjwa, kila mtu anaondoka na fungu lake.

Ni mpango mzuri, lakini wanaoingia bila hesabu wanaweza kujikuta wamenunua kilo moja kwa bei kubwa kuliko ya bucha. Wengine wanauziwa mzoga.

Ng'ombe wanatoka wapi?

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa Mkoa wa Mbeya. Maeneo ya tambarare upande wa Bonde la Ziwa Rukwa, kama Kamsamba wilayani Momba, yana wafugaji wengi, wakiwemo Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Mnunuzi anaweza kwenda mnadani au moja kwa moja kwa mfugaji.

Kilo ngapi zinabaki?

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Ng'ombe wa asili mwenye kilo 250 akiwa hai hatoi kilo 250 za nyama. Ukitoa kichwa, ngozi, kwato, damu na vya ndani, zinabaki takriban kilo 115 hadi 125, tena pamoja na mifupa.

Kama hakuna mzani wa mifugo, futikamba inasaidia. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka bega hadi mfupa wa makalio, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa 145 na urefu wa 125 anakadiriwa kuwa na kilo 242.

Hesabu ya mfano

Tuseme ng'ombe ni Sh1,200,000. Usafiri, machinjio na mchinjaji Sh120,000. Jumla Sh1,320,000. Akitoa kilo 120, kila kilo imegharimu Sh11,000. Watu kumi wanatoa Sh132,000 kila mmoja na kupata kilo 12, mbali na utumbo, maini na kongoro.

Ng'ombe huyohuyo akiwa amekonda na kutoa kilo 100, kilo inapanda hadi Sh13,200. Hizi ni namba za mfano tu, bei halisi ni ya siku hiyo. Kama bucha la mtaani linauza chini ya hesabu yenu, faida hakuna.

Karatasi kwanza, ng'ombe baadaye

Ng'ombe wa wizi huwa na bei chee. Anayenunua kwa mfugaji apate maandishi ya mauziano mbele ya mtendaji wa kijiji. Wa mnadani adai stakabadhi. Akiwa na hereni, namba yake iandikwe. Kumsafirisha kunahitaji kibali cha afisa mifugo.

Kwa Tunduma kuna jambo la ziada: mpaka wa Zambia. Ng'ombe au nyama kutoka Nakonde lazima ipite kwa wakaguzi wa mifugo, si njia za panya. Ugonjwa wa miguu na midomo hausomi mpaka.

Ukaguzi si hiari

Mkaguzi anatakiwa kumwona ng'ombe akiwa hai, kisha kukagua nyama na vya ndani kabla ya kugonga muhuri. Anatafuta kifua kikuu, minyoo tegu na dalili nyingine ambazo macho ya mnunuzi hayazioni. Usimamizi wake uko chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, iliyoanzisha Bodi ya Nyama Tanzania.

Kibudu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe, haliwi, hata kiuzwe bei ya kutupa. Ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au mdomoni anaweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoua hata binadamu. Asichunwe wala kupasuliwa. Afisa mifugo apigiwe simu haraka.

Kugawana bila ugomvi

Makubaliano yafanyike kabla ya kisu: nani anachinja, ngozi na kichwa ni vya nani, maini yanagawanywaje. Kwenye kundi lenye Waislamu, mchinjaji awe Mwislamu ili wote wale kwa amani. Mafungu yapimwe kwa mzani, kila moja likiwa na mnofu, mbavu na mifupa. Kugawa kwa macho huleta maneno.

Nyumbani

Kilo 12 hazifai kuingia kwenye friza kama bonge moja. Zikatwe na kufungwa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, zigande upesi. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, mlango usifunguliwe ovyo. Asiye na friza achukue fungu dogo, au akaushe nyama yake siku hiyohiyo.

Mchango unatolewa baada ya kujibu maswali matatu: ng'ombe ni wa nani, atatoa kilo ngapi, na nani atamkagua. Likikosekana jibu moja, bora foleni ya bucha.