Ushahidi wa Ukaazi: Karatasi, Nasaba na Sheria za Uraia katika Kivu

Sheria ya uraia husomwa kwa kawaida kama maelezo ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Kwa mtu anayesimama mbele ya karani, hata hivyo, sheria hiyo huwa ni jambo la ushahidi: alikaa wapi, tangu lini, alikwenda wapi akarudi lini, na ni karatasi gani inayoyathibitisha hayo. Historia ya uraia katika Kongo imeandikwa sana kwa upande wa kwanza. Upande wa pili haujapata waandishi wengi, ingawa ndiko maisha ya watu wa Kivu yalikoamuliwa.

Baina ya 1964 na 2004 dola ilibadilisha mara nne tarehe ambayo mtu alitakiwa kuithibitisha. Katiba ya Luluabourg ya 1964 ilimtambua kuwa Mkongo kila mwenye mzazi au babu wa kabila, au sehemu ya kabila, lililokuwa nchini kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Amri ya Machi 1971 ilitaja 30 Juni 1960 kwa watu wenye asili ya Rwanda-Urundi. Sheria ya Januari 1972 ikarudisha siku hiyo nyuma hadi 1 Januari 1950. Sheria ya Juni 1981 ikaifikisha 1 Agosti 1885. Mwishowe sheria ya Novemba 2004 ilirejea kwenye siku ya uhuru. Mkulima mmoja wa Rutshuru, bila ya kuhama shamba lake, aliweza kuwa raia, kisha asiwe, kisha awe tena. Na kila mara aliambiwa alete ushahidi wa aina nyingine.

Ili kufahamu ugumu huo, yafaa kwanza kuitazama mipaka. Tarehe 1 Agosti 1885 Leopold II aliyatangazia mataifa mipaka ya Dola Huru la Kongo. Wakati ule hakuna Mzungu aliyekuwa amekwisha kuliona ziwa Kivu. Von Götzen alilifikia mwaka 1894. Mpaka wa mashariki uliotangazwa ulikuwa mstari ulionyooka, uliochorwa mezani, ukitoka kwenye nyuzi 30 za longitudo hadi ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika. Mwenye kupenda kejeli za historia ataona kwamba mstari huo ulipita katikati ya Rwanda na kuiacha sehemu yake ya magharibi ndani ya Kongo. Mipaka tuijuayo ilitokana na mapatano ya 1910 baina ya Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza. Kwa mapatano hayo Idjwi na Bwisha zilibaki Kongo, na Bufumbira ikaenda Uganda. Wakaaji wa Bwisha wasemao Kinyarwanda hawakuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliowavuka, nao hawakuwa na sababu wala njia ya kuweka hati ya tukio hilo.

Kundi la pili lilikuja baadaye, tena kwa mpango wa serikali. Tangu 1925 Rwanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji, na safari ya kutoka Ruhengeri kwenda Masisi ikawa safari ndani ya himaya moja. Katika miaka ya 1920 Union Minière ilichukua vibarua kutoka Rwanda-Urundi hadi migodi ya Katanga. Mwaka 1937 serikali ilianza kuwahamishia wakulima wa Rwanda Gishari, katika nchi ya Wahunde, kwa njia ya shirika lililoitwa Mission d'immigration des Banyarwanda. Kazi hiyo iliendelea, ikikatizwa na kuanzishwa tena, hadi 1955. Makadirio ya kawaida huhesabu zaidi ya watu 80,000. Kundi la tatu ni wakimbizi waliokimbia machafuko ya Rwanda tangu 1959, na hao walipokewa kwa jina hilo hasa la wakimbizi.

Makundi haya matatu hayakuwa na karatasi sawa, na hapo ndipo kiini cha jambo. Utawala wa kikoloni uliandika watu kwa ajili ya kodi, kazi na ulinzi. Mtu aliyetaka kuondoka katika eneo la chifu wake kwa zaidi ya siku thelathini alihitaji pasi ya kuhama. Mfanyakazi alikuwa na kijitabu cha kazi, mlipa kodi alikuwa na risiti, na Mkristo alikuwa na kadi ya ubatizo kutoka misioni. Kwa hiyo aliyehamishwa na serikali ndiye aliyeandikwa vizuri kuliko wote: jina lake, kilima alichotoka, mwaka alioingia. Aliyezaliwa Jomba kwa baba na babu wa Jomba hakuwa na hati iliyosema alipotoka, kwa kuwa hakutoka popote. Ofisi ya kikoloni ilihifadhi habari za mwendo. Kutulia mahali pamoja hakukuacha alama ila katika daftari la kodi, na daftari la kodi halikuuliza babu alikufa wapi.

Uchaguzi wa 1960 ulilitatua swali hili kwa namna nyepesi. Sheria ya uchaguzi iliwaruhusu wenyeji wa Rwanda-Urundi kupiga kura Kongo iwapo walikuwa wameishi nchini miaka kumi. Haki hiyo ilikuwa ya kura, haikuwa ya uraia. Lakini kipimo chake, yaani ukaazi wa miaka fulani, kilikuwa kitu ambacho risiti za kodi ziliweza kukithibitisha. Sheria ya 1972 ilitumia fikra ileile. Kifungu chake cha 15 kilisema kwamba watu wa asili ya Rwanda-Urundi waliokuwa wamekaa katika mkoa wa Kivu kabla ya 1 Januari 1950, na waliodumu kuishi nchini hadi sheria hiyo ilipoanza kutumika, walipata uraia wa Zaire tangu 30 Juni 1960. Amri ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeufungua mlango hata kwa wakimbizi wa 1959. Tarehe ya 1950 iliufunga. Barthélemy Bisengimana, mkurugenzi wa ofisi ya Rais Mobutu, aliye mwenyewe wa asili ya Rwanda, hutajwa daima katika masimulizi ya kifungu hicho, na katika Kivu wengi walikiita sheria yake.

Kifungu hicho kilidai mambo mawili. La kwanza, kuwapo kabla ya 1950, liliweza kushuhudiwa na hati moja ya zamani. La pili, kudumu bila kuondoka kwa zaidi ya miaka ishirini, lilikuwa gumu zaidi. Nani ana karatasi ya kila mwaka? Aliyekwenda Uganda kutafuta kibarua kwa misimu miwili, aliyerudi Rwanda kumzika baba na kukaa kugawa urithi, aliyeoa ng'ambo ya mpaka: je, alikuwa ameukatiza ukaazi wake? Sheria haikusema. Jambo hilo liliachwa mikononi mwa ofisi za wilaya, na huko neno la chifu na kitu kidogo cha karani vilizidi uzito wa hati yoyote. Walionufaika upesi walikuwa wale wenye elimu na mali. Mwaka uliofuata sheria ya ardhi iliifanya ardhi yote kuwa milki ya dola, na amri za Novemba 1973 ziliwapa raia mashamba ya wageni. Uraia ukawa ufunguo wa mashamba ya Masisi, na cheti chake kikaanza kuchukiwa na wale walioona ardhi ya mababu inapita mikononi mwa wenye vyeti.

Ndipo ikaja sheria ya 29 Juni 1981. Kifungu cha 15 kiliondolewa tangu asili, kana kwamba hakijapata kuwapo, na amri ya Mei 1982 ikavibatilisha vyeti vilivyotolewa kwa nguvu yake. Tangu hapo Mzaire wa asili alikuwa mtu ambaye mmoja wa wazee wake alikuwa wa kabila lililokaa ndani ya mipaka ya 1 Agosti 1885, kama ilivyorekebishwa na mapatano yaliyofuata. Maana ya karatasi iligeuka juu chini. Pasi ya 1938 au kadi ya Gishari, iliyokuwa dhahabu mwaka 1972 kwa sababu ilithibitisha kuwapo kabla ya 1950, sasa ilikuwa shahidi wa mashtaka: ilithibitisha kwamba mwenyewe aliingia baada ya 1885. Aliyeitunza hati yake kwa uangalifu alikuwa ameutunza ushahidi wa ugeni wake. Na mtu wa Bwisha, ambaye kwa kipimo hicho alistahili bila ya shaka, hakuwa na kitu cha kuonyesha, kwa kuwa mwaka 1885 hapakuwa na ofisi wala daftari kutoka Uvira hadi Rutshuru.

Palipokosekana karatasi, watu waligeukia nasaba. Orodha za mababu zilisomwa mbele ya maofisa, makaburi yalitajwa, majina ya vilima yakaletwa kuwa mashahidi. Hali hiyo iliwahusu hasa Banyamulenge wa nyanda za juu za Itombwe, ambao kuwasili kwa mababu zao kabla au baada ya 1885 kuligeuzwa kuwa hoja ya siasa. Historia simulizi haikuumbwa kwa kazi hiyo. Jan Vansina alionyesha tangu 1961 jinsi nasaba zinavyofupishwa na kurefushwa kufuatana na haja za wanaozisimulia. David Newbury, katika utafiti wake juu ya Idjwi, alionyesha jinsi koo zenyewe zilivyojengwa na kubadilika pande zote mbili za ziwa Kivu. Nasaba yaweza kumweleza mtafiti mengi juu ya jamaa na madaraka. Kuitaka iseme kama babu fulani alikuwa magharibi ya Rusizi mnamo Agosti ya mwaka fulani ni kuitaka iseme uongo, nayo haikosi msemaji. Wanahistoria waliokubali kuandika ushahidi wa namna hiyo, kwa upande wowote, waliikopesha siasa heshima ya taaluma yao.

Sheria ya 1981 haikutekelezwa mara moja nchini kote. Ilipoanza kutekelezwa, mwaka 1991, kwa shughuli ya kuwatambua raia katika Kivu ya Kaskazini, ugomvi ulizuka Masisi, maana kila aliyeandikwa mgeni alijua kwamba shamba lake nalo limeandikwa. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, katika wilaya ya Walikale, yakaenea Masisi. Aprili 1995 bunge la mpito lilitoa azimio lililowahesabu wasemaji Kinyarwanda kuwa wahamiaji na wakimbizi kwa jumla, na hivyo tofauti ya makundi matatu, ambayo hati za zamani ziliihifadhi waziwazi, ikafutwa kwa kalamu. Vita vya 1996 na 1998 vilifuata, na suala la uraia lilikuwa miongoni mwa sababu zilizotangazwa na waliobeba silaha.

Sheria ya 12 Novemba 2004 iliiacha 1885. Mkongo wa asili ni kila mtu wa makabila na jamii ambazo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya kile kilichokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru. Mgeni anayeomba uraia hutakiwa, pamoja na masharti mengine, awe na ukaazi wa kudumu wa miaka saba na aweze kusema lugha mojawapo ya Kongo. Sharti hili la lugha lina upekee wake: Kiswahili, kilichowaunganisha wahamiaji wa Gishari na majirani zao sokoni, kinaweza kumsaidia mwombaji mbele ya sheria, ilhali kwa miaka mingi Kinyarwanda cha nyumbani kilimdhuru.

Mzigo wa ushahidi haukuondoka. Hesabu ya mwisho ya watu nchini ni ya 1984, na tangu 2005 kadi ya mpiga kura ndiyo iliyoshika nafasi ya kitambulisho. Kadi hiyo husema kwamba mtu alikubaliwa siku moja na waandikishaji wa kituo kimoja. Haisemi alikaa wapi mwaka 1960. Asiye na hati bado huenda kwa chifu wa kijiji na mashahidi wake, wazee watatu au wanne, nao huulizwa kama wanamjua, kama walimjua baba yake, na shamba lake lilipakana na la nani.