Umarakaraka si Batobato

Mkulima wa muhogo wa Bariadi, mkoani Simiyu, akiona jani la kijani lenye mabaka ya njano, humjia neno moja: batobato. Ana haki. Ugonjwa huo uliripotiwa mara ya kwanza na mtaalamu wa mimea Warburg mwaka 1894, enzi za Wajerumani katika nchi hii, na hadi leo virusi vyake huenezwa na inzi weupe na vipando vilivyoambukizwa. Basi tusiyape jina hilo maua ya ndani yenye majani manene na michirizi ya njano au nyeupe. Hayaumwi.

Neno tunalo: marakaraka. Hali yenyewe na iitwe umarakaraka. “Ubaka” silitaki, liko karibu mno na kosa la jinai.

Umarakaraka ni mmea mmoja kuwa na seli za namna mbili: zenye klorofili, ile kijani inayotengeneza chakula kwa mwanga, na zisizo nayo. Kwa maua mengi ya chungu chanzo ni badiliko lililotokea ndani ya seli zenyewe. Chukua sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga. Ile ya ukingo wa njano huitwa Laurentii, kutokana na Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea Kongo. Kata jani lake, pandikiza vipande, miche itaota bila ule ukingo, maana chipukizi huanzia kwenye seli za ndani, ambazo ni za kijani. Anayetaka njano ibaki agawe shina la chini ya udongo, kila kipande na majani yake.

Sehemu nyeupe hula bila kuzalisha, hivyo mmea hukua polepole na huhitaji mwanga mwingi; lakini jua kali la mchana la Simiyu huibabua. Baraza inafaa. Udongo mweusi wa mbuga, unaopendwa na pamba, usiutie chunguni: hushika maji, mizizi ikaoza. Tumia mchanga mwingi wa mtoni, hata katika kopo la rangi lililotobolewa chini, na umwagilie udongo ukishakauka kabisa.

Chipukizi la kijani tupu likate mapema, kwa kuwa hukua haraka na kuwafunika wenzake. Jeupe tupu usilitenge: likiachana na mama, hufa njaa.